Maswali ya Wasomaji: Vitabu Vikubwa na Hewa ya Pwani

Ndugu wahariri, salaam. Ninaishi Raskazone, Tanga. Nina vitabu vikubwa kumi na viwili vya picha, nimevisimamisha kabatini. Masika hii viwili vimeota unga mweupe juu ya jalada, na kimoja kurasa zinaachia mgongo. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Hayo ni maradhi mawili, kila moja na dawa yake.

Kurasa kuachia mgongo ni kazi ya uzito. Kitabu kikisimama, kinachogusa ubao ni jalada. Kurasa zenyewe zinaning'inia ndani, zimeshikwa na bawaba za kitambaa na karatasi tu. Cha kilo nne au tano hakivumilii miaka mingi hivyo. Kilaze. Visipandane zaidi ya vitatu, kikubwa chini, na ubao uwe mpana kuliko kitabu ili pembe zisitokeze. Ukitaka cha chini, ondoa kwanza vya juu. Kuchomoa ndiko kunakokwangua majalada.

Unga mweupe ni kuvu. Huanza kuota unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65, na Tanga wakati wa masika hufika huko bila shida. Kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ukuta ukipoa usiku, unyevu hutulia pale nyuma. Livute sentimita 10, toboa matundu mgongoni mwake, na uache feni izungushe hewa chumbani. Kiyoyozi cha kuwasha mchana na kuzima usiku hakisaidii: hewa nyevu huingia na kukuta vitabu vimepoa. Chembe za silika, zile za kunyonya unyevu, nazo zifungie ndani ya sanduku la plastiki linalobana. Kwenye kabati la matundu unazipoteza bure. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende usivitegemee, harufu yake haitoki kitabuni.

Kusafisha: tenga vile vitabu viwili, uviweke chumba chenye kivuli na upepo mpaka kuvu ikauke kabisa. Usianike juani, jalada litapinda na rangi zitapauka. Kisha vaa barakoa, toka nje, upanguse taratibu kwa brashi laini. Kitambaa kibichi kinapaka kuvu ndani ya nyuzi za jalada, na kesho inaota upya.

Na tahadhari moja ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo mweupe laini. Ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa hugandana, na ukizibandua picha inatoka na ngozi yake. Paa likivuja, usisubiri: tenganisha kurasa zikiwa bado mbichi, uweke karatasi nyeupe kavu katikati na kuibadilisha kila inapolowa. Kama huna nafasi siku hiyo, kitie ndani ya mfuko wa nailoni na ukiweke kwenye friza. Kikiganda, unapata muda.

Nimeona kitabu kikubwa cha mtumba hapa Ngamiani. Nitajuaje kama kimeshonwa au kimegundishwa tu?

Kifunge, ukitazame mgongo kwa juu. Kilichoshonwa kinaonyesha vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa. Ukikifungua katikati ya kifungu, uzi unauona. Kilichogundishwa ni kurasa mojamoja zilizokatwa sawasawa. Gundi ikizeeka inakakamaa na kupasuka, na karatasi nzito ndizo zinazochomoka mwanzo. Kinuse pia. Kikinuka uvundo, kiache hapohapo, hata kwa bei ya kutupa. Kitaambukiza vingine nyumbani.

Kijana wangu anasema picha zote ziko kwenye simu, napoteza pesa.

Kwa kitabu cha maneno matupu, kijana ana hoja. Cha picha ni jambo jingine, maana ukubwa nao ni sehemu ya kazi. Mchoraji John James Audubon alipochapisha kitabu chake cha ndege wa Marekani kati ya 1827 na 1838, picha 435, alitaka kila ndege awe na ukubwa wake halisi. Karatasi ilikaribia mita moja kwa urefu, na bado flamingo ilibidi achorwe shingo ameiinamisha ili aenee. Picha hizo leo zinapatikana bure intaneti, lakini kwenye simu flamingo na shomoro wanalingana.

Kabla ya kulipia cha namna hiyo, pima meza yako. Kikifunguliwa, upana unakuwa mara mbili, na jalada lisilo na pa kuegemea linavunjika bawaba.