Kwenu mnaoanza kukimbia Moshi: pumzi nyepesi isiwadanganye

Kila mwaka, Desemba inapoingia, kikundi chetu cha mbio hapa Moshi hupokea wageni. Wengi wao huwa wameshajiandikisha kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, ambayo hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kwa hiyo mazoezi yao yote huangukia katika miezi ambayo mji huu huwa na joto kali kuliko wakati mwingine wowote. Nimewaongoza wageni hao kwa misimu kadhaa, na jambo moja limejirudia mbele ya macho yangu mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niliandike. Wataalamu wa afya husema, na hawakosei, kwamba mtu mwenye uzito mkubwa au asiyezoea mazoezi yumo hatarini zaidi kuzidiwa na joto; lakini katika kikundi chetu mtu wa namna hiyo hujihurumia mapema, akatembea, akaomba maji, akakaa kivulini bila aibu. Niliowaona wakizidiwa ni wenye pumzi, na hasa wale waliotoka Arusha.

Sababu yake huonekana mtu akitazama ramani. Arusha mjini ni takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900, na ukiteremka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC unashuka zaidi ya hapo. Kushuka kwa kiasi hicho peke yake kunamwongezea mtu nyuzi tatu hivi za joto. Pamoja na joto hilo anapewa zawadi asiyoiomba: hewa ya huku chini ina oksijeni zaidi, na mapafu yaliyozoea kupanda na kushuka mitaa ya Arusha kama Njiro au Sakina hujiona yamefunguliwa. Mgeni hukimbia kilomita ya kwanza na ya pili kwa kasi ambayo kwao hakuwahi kuifikia, akaitazama saa yake ya mkononi, akafurahi. Asichokijua ni kwamba misuli inafanana na injini ya gari: robo tu ya nishati inayotumika, au pungufu ya hapo, ndiyo inayosukuma mwendo, na iliyobaki yote hugeuka joto. Kadiri anavyoongeza kasi ndivyo anavyozidi kujipasha moto kutoka ndani, tena mahali ambapo hewa ya nje haimsaidii kulitoa joto hilo.

Nayasema haya kwa sababu mgeni huyo niliwahi kuwa mimi. Nilikuwa nimehamia Moshi kutoka Sakina mwezi mmoja tu kabla, na Jumapili moja ya Februari, badala ya kuacha mazoezi kwa kuwa ibada ya kwanza ilichelewa kutoka, nilivaa viatu saa tatu asubuhi nikashika barabara ya TPC. Kwenda ni mteremko mdogo usioonekana kwa macho, na nilikwenda kama niliyesukumwa. Kurudi ndiko kulikonifundisha. Miwa pande zote mbili huzuia upepo lakini haitoi kivuli, na jua lilikuwa mgongoni kwangu. Kwanza kichwa kilianza kuuma utosini, kisha kichefuchefu kikaja, kisha likatokea jambo ambalo sikulielewa hata kidogo: nilihisi baridi. Nilitazama mikono yangu nikaona vinyweleo vimesimama, na jasho linaendelea kutiririka juu yake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi chini ya mwarobaini aliniita. “Mwanangu, unatetemeka na jua lote hili?” Nilimjibu kwamba niko sawa, nikapiga hatua nyingine mbili, mguu ukajikwaa pasipo na jiwe. Alinishika mkono akaniketisha, akachukua maji ya ndoo yake akanimwagia shingoni, huku akiniuliza nimetokea wapi, nakaa mtaa gani, nani yuko nyumbani. Maswali yote niliyajibu sawasawa. Wakati ule niliyaona kuwa ni udadisi tu wa mama mtu mzima, lakini sasa najua kwamba alikuwa akinipima kwa kipimo bora kuliko vyote ambavyo mtu asiye mganga anaweza kuwa navyo barabarani.

Kilichonipata kinaitwa uchovu wa joto. Dalili zake ni hizo nilizozitaja, pamoja na kizunguzungu, udhaifu wa ghafla, mapigo ya moyo ya haraka, ngozi iliyolowa, na pengine misuli ya mapaja au mashavu ya miguu kukaza. Mtu wa namna hii aache kukimbia palepale, alazwe kivulini na miguu iinuliwe kidogo, apunguziwe nguo, alowanishwe na kupepewa, na apewe maji ya kunywa kidogo kidogo ikiwa hatapiki. Wengi hupata nafuu ndani ya nusu saa. Asiyepata nafuu apelekwe hospitali.

Hatari kubwa zaidi ni hatua inayofuata, ambayo huitwa kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili hupanda kufikia nyuzi 40 au zaidi na ubongo huanza kushindwa. Hapa ndipo maswali ya yule mama yanapokuwa na kazi. Muulize mwenzako leo ni siku gani, tumepita njia ipi, nani ametangulia. Akijibu hovyo, akikasirika bila sababu, akitembea kama mlevi, akitaka kuelekea njia asiyotoka, au akianguka na kupoteza fahamu, msibishane tena. Msingoje ngozi yake ikauke, kwa maana fundisho la zamani kwamba aliyepatwa na kiharusi cha joto hatoi jasho limewapoteza wengi. Aliyezidiwa akiwa anakimbia mara nyingi hulowa chepechepe. Wala msitegemee kipimajoto cha kwapani, ambacho husoma chini ya joto halisi la ndani.

Katika hali hiyo mwili upozwe kwanza na safari ya hospitali ifuate, ingawa simu ya kuomba gari ipigwe mara moja na mtu mwingine. Nimeona watu wema wakimpakia mgonjwa kwenye gari lililoanikwa juani, madirisha yamefungwa, wakidhani wanamwahisha. Kila dakika anayobaki na joto lile ubongo, ini na figo vinaumia. Njia iliyo bora ni kumzamisha hadi shingoni katika maji baridi, na pasipo na beseni kubwa, turubai linatosha: mlazeni katikati, watu wanne wainue kingo, wengine wamimine maji na barafu, na mtu mmoja akishike kichwa kisizame. Pasipo na hata turubai, mwageni maji mwili mzima bila kukoma na kumpepea, wekeni kanga zilizolowekwa maji ya barafu, na mzibadilishe kila zinapopata joto. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe chochote, kwa kuwa kinaweza kuingia njia ya hewa. Sisi tangu msimu wa pili tunabeba turubai na ndoo kwenye gari linalotufuata Jumamosi, na barafu tunanunua njiani kwa wauza juisi.

Sasa nirudi kwenye mazoezi yenyewe. Mwili huzoea joto, lakini haukubali kuharakishwa; unahitaji siku 10 hadi 14 za kukutana nalo karibu kila siku. Katika siku hizo maji ya damu huongezeka, moyo hupunguza mbio zake, jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea pamoja nalo hupungua. Kwa hiyo mgeni ninayempokea humkataza kwa wiki mbili kutazama kasi. Huanza na dakika 20 au 30 za mwendo ambao anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, kisha tunaongeza muda kabla ya kuongeza kasi. Mkitoka kwenda kukaa mahali pa baridi kwa mwezi mzima, mazoea hayo huondoka, na mkirudi mnaanza upya kama wageni wengine.

Kuhusu saa, sina maelezo marefu. Sisi huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukiwa na taa na vizibao vinavyong’aa kwa sababu ya bodaboda, na mazoezi marefu yanakwisha kabla ya saa mbili na nusu. Mkumbuke kwamba Moshi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Machi jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi. Anayependa jioni angoje lami ipoe, na achague njia zenye miti kama zile za Shanty Town badala ya barabara kuu.

Maji yana makosa mawili, na yote nimeyaona. La kwanza ni kutokunywa, ambalo kila mtu analijua. La pili ni kunywa kupita kiasi kwa hofu ya lile la kwanza, mpaka chumvi ya damu ikazimuliwa na mtu akaumwa kichwa, akatapika na hata kuchanganyikiwa, huku wenzake wakizidi kumnywesha. Mizani ya nyumbani huondoa ubishi huu. Jipime bila nguo kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Mtu aliyetoka na kilo 60 akarudi na kilo 58.8 baada ya saa moja na nusu, na njiani alikunywa nusu lita, amepoteza takribani lita 1.7 za jasho, na upungufu wake ni asilimia 2 ya uzito, kiwango ambacho kasi huanza kushuka na moyo huanza kulemewa. Anayerudi na uzito mkubwa kuliko alioondoka nao amekunywa kupita haja. Katikati ya hayo mawili, kiu yako ni mshauri mzuri. Kwa mazoezi yanayozidi saa moja na nusu mimi huchanganya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ambayo ndiyo ile dawa ya nyumbani ya mtu anayeharisha. Ladha yake haivutii, na ndimu huisaidia.

Kuna desturi moja inayonikera, nami sitaificha. Ni ile ya kuvaa koti la mvua, au kujifunga nailoni tumboni, ili kutoa jasho na kupunguza uzito. Jasho halina mafuta. Kilo inayopotea namna hiyo ni lita moja ya maji, nayo hurudi kwa glasi chache za kwanza. Tena jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka au likizuiwa na nailoni, mwili umelipoteza bure. Ndiyo maana pia siku zenye unyevu mwingi, mawingu ya masika yanapokusanyika bila kunyesha, ni mbaya kuliko zinavyoonekana, hata kama kipimajoto hakisomi nyuzi nyingi. Vaeni nguo nyepesi, za rangi isiyokoza, zisizobana.

Mwenye homa, anayeharisha, aliyelala vibaya, au aliyekunywa mbege Jumamosi mpaka usiku, Jumapili apumzike. Anayetumia dawa za mafua, mzio au shinikizo la damu amuulize daktari, kwani baadhi yake hupunguza jasho au maji mwilini.

Siku ya mbio zenyewe, wanaokimbia nusu marathoni watapanda kuelekea Mweka, na wengi hupumbazwa na ubaridi wa juu. Mlimani mwendo ni wa polepole, kwa hiyo upepo wa kukupoza ni mdogo, wakati misuli inafanya kazi kubwa kuliko yote. Halafu unateremka kuingia katika joto la mji saa ambayo jua limeshapanda. Punguzeni kasi mapema, kabla mwili haujalazimisha. Alphonce Simbu, ambaye muda wake bora wa marathoni ni chini ya saa 2 na dakika 5, alitwaa ubingwa wa dunia katika joto na unyevu wa Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa saa 2:09:48. Mbio za ubingwa zina hesabu zake nyingine, ninakubali, ila sijaona sababu ya mkimbiaji wa mara ya kwanza kutaka muda wake bora hapa Moshi mwezi Februari. Mkimaliza msisimame ghafla wala kukaa. Endeleeni kutembea dakika chache, kwa sababu damu hutuama miguuni na wengi huanguka hatua chache tu baada ya mstari.

Aliyepatwa na uchovu wa joto asirudi mazoezini siku hiyo, na siku moja au mbili zinazofuata apumzike na kunywa maji kwa utulivu. Aliyepatwa na kiharusi cha joto akae angalau wiki moja bila mazoezi na arudi kwa idhini ya daktari, akianza tena na zile dakika 20. Mimi nilipumzika siku tatu, na nilipoirudia barabara ya TPC ilikuwa alfajiri, kwa mwendo wa mazungumzo. Nilipofika kwenye mwarobaini yule mama alikuwa hajapanga hata ndizi zake.