Kujua tovuti imejengwa kwa maktaba gani: kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza tovuti hapa Mwanza, mteja hatawaambia anataka Bootstrap wala React, yaani maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa) za kujengea kurasa. Atakuonyesha tovuti ya hoteli fulani ya Zanzibar kwenye simu yake na kusema, "Nataka kama hii, ila iwe ya hoteli yangu ya Capri Point." Kabla hujataja bei, jua ile imejengwa kwa maktaba gani.

Usikisie kwa macho. Kivuli chini ya kadi hakithibitishi chochote, maana Bootstrap inaweza kuvikwa sura yoyote. Fungua tovuti kwenye kompyuta, bonyeza F12 kufungua zana za watengenezaji, usome majina ya klasi kwenye HTML ya kitufe chenyewe. MuiButton-root ni Material UI, ant-btn ni Ant Design. Ukikuta v-btn, hiyo ni Vuetify, na papo hapo umejua kwamba ndani kuna Vue, mfumo wa JavaScript wa kujengea kurasa.

Bootstrap ipo tangu 2011, kwa hiyo ukiona btn-primary na col-md-6 usiishie hapo: tafuta toleo. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi hunakili menyu kutoka tovuti nyingine, ikifika kwao inagoma kufunguka kwa sababu matoleo hayalingani. Tazama sifa iliyo kwenye kitufe kinachoifungua. Ikiwa ni data-toggle, hilo ni toleo la 4 au la nyuma yake. Data-bs-toggle ni toleo la 5, lililotoka 2021 na kuachana na jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript. Hata nafasi za pembeni zinasema: ml-3 ni ya 4, ms-3 ni ya 5. Ukikuta panel-default au col-xs-6, uko kwenye toleo la 3. Mara nyingi namba ya toleo imeandikwa wazi juu kabisa ya faili la CSS.

Mlolongo wa flex, px-4 na text-sm kila mahali ni Tailwind, mkusanyo wa klasi ndogo ndogo za CSS, na Tailwind yenyewe si maktaba ya vitufe na menyu. Endelea kuchimba: kitambulisho (id) kinachoanza na headlessui (Headless UI), au sifa inayoanza na data-radix (Radix), ndicho kinachotaja maktaba iliyo chini yake. Majina yasiyoeleweka yanayoanza na css- mara nyingi hutoka Emotion, maktaba ya kuandika CSS ndani ya JavaScript, ambayo Material UI huitumia, basi angalia kama kuna Mui jirani.

Wappalyzer, kiongezi cha kivinjari kinachotaja teknolojia za tovuti, inaokoa muda, ila inaweza kukutajia maktaba iliyopakiwa zamani na haitumiki tena. Mwenye neno la mwisho ni kile kitufe unachokitazama.

Na kwa mwenye simu tu: kwenye Chrome ya Android andika view-source: mbele ya anwani. Utaona HTML kama ilivyotoka kwenye seva. Tovuti nyingi za React zitakuonyesha div tupu yenye id ya root na faili za JavaScript, basi. Hapo itabidi uazime kompyuta.