Medali ya mzee haimo kwenye jalada? Anza na jina lake

Familia nyingi zenye mzee aliyekwenda Vita vya Kagera, zikigundua kuwa medali yake haimo kwenye kumbukumbu za utumishi, huandika barua ya kuomba medali. Barua ya namna hiyo haifiki mbali. Medali na nishani hutunukiwa na Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na afisa anayefungua bahasha yako mezani hana uwezo wa kumtunuku mtu chochote. Anachoweza ni kufungua jalada, kulilinganisha na orodha nyingine, na kupendekeza marekebisho. Muombe hilo analoliweza.

Mjomba wangu ni mtu wa Ndanda, mimi naishi Mtwara mjini, na kwetu Wamwera, tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, jambo la mjomba ni lako kabla halijawa la wanawe. Aliingia jeshini 1976, akastaafu akiwa sajini. Hati yake ya kumaliza utumishi ina vikosi, kozi, tarehe za kupanda cheo, na medali moja tu, ile ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Ya Kagera hakuna. Wenzake aliotoka nao Mutukula hadi Kampala wanayo. Yeye alinyamaza miaka yote, na kila ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, utasikia ana salfa ya kupulizia mikoroshoni.

Swali la kwanza la kumuuliza mzee wako si alipigana wapi. Muulize: siku ile unaandikishwa, ulijiita nani?

Huku Kusini swali hilo lina majibu mengi kuliko karani wa Dar es Salaam anavyodhani. Mtoto anazaliwa na jina, anaingia jando anatoka na jingine, na lile la utotoni ukimwita nalo tena umemtukana. Kisha kuna la ubatizo au la madrasa. (Masasi hata Kanisa la Anglikana lilikuwa na jando lake la Kikristo, tangu enzi za Askofu Vincent Lucas, kwa hiyo usidhani kubatizwa kulifuta jina la jando.) Kuna jina la ukoo. Na kuna namna ya kuliandika: L na R zinabadilishana, N ya mwanzo inadondoka. Kijana wa miaka 20 aliyesimama mbele ya meza ya kuandikishwa alisema jina lililomjia mdomoni, na yule wa upande wa pili akaandika alivyosikia.

Mjomba alijiandikisha kwa jina la jando na la ukoo. Baada ya vita akafunga ndoa kanisani, akaomba jalada lake libadilishwe litumie jina la ubatizo, likabadilishwa. Sasa orodha ya waliostahili medali ilitokana na majina ya wakati wa vita. Humo yumo, kwa jina la zamani, na tarakimu moja ya namba yake ya jeshi imekosewa. Jina halilingani, namba hailingani. Mtu yeyote anayelinganisha karatasi mbili hizo ataona watu wawili tofauti, na kwa haki kabisa. Hakukuwa na fitina yoyote, ingawa mjomba aliishi na wazo la fitina kwa muda mrefu na alikuwa ameshamchagua mtu wa kumlaumu.

Kwa hiyo, kabla ya barua, tengeneza karatasi moja yenye majina yote aliyowahi kutumia, kila jina na miaka yake, na namba ya jeshi kama inavyosomeka kwenye kila hati uliyonayo. Namba ndiyo mtu jeshini. Majina yanagongana, namba haitakiwi kugongana. Kisha nenda kwa wakili au mahakamani mkale kiapo cha majina, kwamba fulani, fulani na fulani ni mtu mmoja. Hati hiyo ya kiapo ni ya gharama ndogo ukilinganisha na nauli, na bila hiyo kila kinachofuata kitarudishwa. Lakini usikimbilie kubadili jina la NIDA au la benki ili lifanane na la jeshini. Pensheni yake inapita kwenye jina analotumia sasa. Ukiligusa hilo umefungua kesi ya pili wakati ya kwanza haijaisha.

Hapo ndipo unakuja ushahidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapochoka.

Wazee wana habari nyingi na tarehe chache. Mjomba anaweza kukuelezea tope la Lukaya, kule Uganda, mpaka ukahisi baridi miguuni, ila ukimuuliza ilikuwa lini anajibu “tulipokuwa tunasonga mbele.” Jalada halina pa kuingiza kusonga mbele. Linataka tarehe, mahali, kikosi, na jina la kamanda. Dawa niliyoipata ni kumpa mzee nguzo za kushikia, zile tarehe za vita zinazojulikana: Amin kutangaza kuwa Kagera ni yake, Novemba 1, 1978; hotuba ya Mwalimu ya uwezo, sababu na nia, siku iliyofuata; kutekwa kwa Mutukula, Januari 1979; Masaka, mwishoni mwa Februari; mapigano ya Lukaya, Machi 10 na 11; Kampala, Aprili 11; na Juni 3, vita vilipofika mpaka wa Sudan. Halafu muulize kuhusu sikukuu. Pasaka ya 1979 ilikuwa Aprili 15, Jumapili ileile iliyofuata kutekwa kwa Kampala. Mjomba ni Mkatoliki, na alikumbuka palepale Pasaka ilimkuta wapi, nani alikuwa naye, na kwamba siku hiyo alikuwa na bandeji mkononi. Bandeji! Kwa hiyo kuna hospitali, na penye hospitali kuna daftari. Rafiki yake ambaye ni Mwislamu alipangilia safari yake kwa kuanzia Idi Kubwa, ambayo mwaka 1978 iliangukia Novemba, siku chache tu baada ya ile hotuba. Sikukuu hazisahauliki kama tarehe zinavyosahaulika.

Usimhoji kwa mara moja. Na usimhoji mbele ya wajukuu, maana ataanza kusimulia. Masimulizi ni mazuri, ila si ya shughuli hii.

Karatasi gani zinafaa? Chochote kilichoandikwa wakati ule kina uzito kuliko chochote kinachoandikwa leo. Waranti ya safari, cheti cha hospitali, barua aliyomwandikia mama yake yenye anwani ya kikosi, picha yenye maandishi na tarehe nyuma. Pekua sanduku la bati, pekua kwa mke wa kwanza kama kuna wa kwanza, pekua kwa dada zake. Kwetu karatasi muhimu za mwanamume zinakaa kwa dada yake. Nyumba ya mke inaweza kuhama. Barua mbili za mjomba za 1979 zilikuwa kwa mama yangu, zimefungwa pamoja na kadi za kliniki.

Baada ya hapo ndipo mashahidi. Mashahidi wawili wanaosema waliyoyaona wanatosha kuliko kumi wanaosema “namjua ni shujaa.” Shahidi bora ni yule ambaye medali hiyo imo kwenye kumbukumbu zake mwenyewe, alikuwa kombania au platuni moja na mzee wako, na anaweza kutaja namba yake ya jeshi. Kila mmoja ale kiapo chake, kwa maneno yake. Viapo viwili vyenye sentensi zilezile vinanuka, hata kama ni vya kweli. Mashahidi hao utawapata wapi? Siku ya Mashujaa. Wastaafu hukusanyika wamevaa medali zao, kila mmoja anamjua mwingine, na hakuna siku nyingine katika mwaka utakayowakuta pamoja hivyo. Hapa Mtwara nenda Naliendele, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa Msumbiji miaka ya themanini. Wengi waliokwenda Msumbiji walikuwa wamekwenda Uganda kabla. Beba daftari, salimia kwanza, na swali la medali liache mpaka umeshaulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Kama mzee wako alikuwa mgambo na si askari wa kudumu, jiandae kwa kazi kubwa zaidi. Maelfu ya mgambo waliitwa wakati ule, pamoja na polisi, magereza na vijana wa JKT, na wengi wa mgambo walirudi vijijini vita vilipoisha bila jalada nene nyuma yao. Hapo karatasi ya kijiji, barua za wakati huo na mashahidi ndivyo vitakavyokubeba.

Barua yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja, na viambatisho vyenye namba. Ya mjomba ilianza hivi:

“YAH: MAOMBI YA KUSAHIHISHWA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mstaafu mwenye namba ya jeshi iliyotajwa hapo juu. Naomba jalada langu lilinganishwe na orodha ya waliotunukiwa Medali ya Kagera, kwa kuwa wakati wa vita nilitumia jina tofauti na nililostaafu nalo, kama inavyoonekana kwenye Kiambatisho A.”

Aya ya pili ikataja kikosi, tarehe na mahali. Ya tatu ikaorodhesha viambatisho. Basi. Hakuna mateso, hakuna “nililimwagia taifa damu.” Mjomba alitaka iwemo ile habari ya Lukaya, tukabishana jioni nzima, mwisho nikamwambia Lukaya tutaiandika kwenye karatasi yake peke yake na itakaa nyumbani.

Na usichanganye na pensheni. Wastaafu wengi wana madai ya mafao, mengine ya haki kabisa, na ni rahisi kuyatupia humohumo kwa vile bahasha ni moja na stempu ni moja. Barua yenye madai mawili hupelekwa kwa anayeshughulikia fedha, na la medali linalala. Mweleze mzee mapema pia kwamba kusahihishwa kwa kumbukumbu hakuleti hela. Kama anachotaka ni hela, haya yote ni njia ya mzunguko.

Ipitie wapi? Anza na Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Yeye ni afisa wa JWTZ, yuko karibu, na anajua barua ya mstaafu iende kitengo gani Makao Makuu na iwe na sura gani. Mzee aende mwenyewe kama anaweza kutembea, avae shati safi, na aongee yeye. Nimeona mlango ulionichelewesha mimi ukimfungukia mzee aliyesimama wima na kutaja namba yake kwa sauti ya gwaride. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa ya kumtambulisha iwe mfukoni. Kila unachokabidhi kiwe nakala iliyothibitishwa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Hati halisi isitoke mkononi mwako, hata ukiambiwa ni kwa siku mbili. Panga safari zako nje ya masika kama unaweza; Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, na bahasha zetu zilikaa zikisubiri pamoja na nyanya za watu.

Utakutana na kijana atakayekuambia ana ndugu huko ndani, umpe kitu kidogo alisukume. Wengine watakuonyesha medali yenyewe, inang'aa, ya kununua. Usinunue. Mzee akiivaa mbele ya wenzake siku ya gwaride, ataulizwa na watu wanaojua.

Jibu likija, lisome taratibu. “Hakuna kumbukumbu” maana yake mara nyingi ni kwamba jina ulilowapa halikuonekana, na hapo unarudi na majina mengine na namba ilivyoandikwa kwa namna nyingine. “Hastahili” ni jambo jingine. Omba kwa adabu uandikiwe sababu, maana medali ya utumishi mrefu, kwa mfano, inaangalia miaka na tabia, na mzee anaweza kuwa na ukurasa ambao hajawahi kuwasimulia. Mjomba aliandikiwa kuwa jina la zamani limeonekana kwenye orodha na jalada limerekebishwa. Medali yenyewe hajakabidhiwa mpaka naandika haya, na hajalalamika. Barua ile ameitia plastiki.

Kama mzee ameshafariki, mwombaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mara nyingi Mahakama ya Mwanzo inatosha. Hapo mpwa hana sauti, hata kama mila inasema wewe ndiye mrithi wake. Kikao cha ukoo kikikuteua, peleka muhtasari wake mahakamani, na watoto wa marehemu watie sahihi mapema kabla hawajashauriwa na majirani.