Maswali ya Wasomaji: Mvinyo Mwekundu wa Nje Usioumiza Mfuko

Swali: Kila nikinunua Bordeaux nyekundu ya Ufaransa ya bei ya chini, naikuta nyepesi, chachu na yenye ukakasi. Kwa pesa ileile nitafute nini? *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Ndugu msomaji, jina la Bordeaux lina bei yake hata pale zabibu zisipoiva sawasawa. Mwaka ukiwa wa baridi, zabibu ya huko aina ya Cabernet hubaki na harufu ya pilipili hoho, na ukakasi wake hukausha ulimi. Sisi tungekushauri mvinyo wa zabibu aina ya Garnacha kutoka Calatayud au Campo de Borja, mkoa wa Aragón, Hispania. Majina hayo hayajavuma, ndiyo maana bei yake ni nafuu. Lakini mizabibu mingi ya huko ni mizee: huzaa vichala vichache vyenye ladha nzito, na jua huviivisha barabara. Kilevi chake mara nyingi hufika asilimia 14 hadi 15, kwa hiyo kunywa na chakula.

Ukipenda ladha ya pipa la mwaloni, chukua Rioja, mvinyo wa eneo jingine la Hispania, iliyoandikwa Crianza. Sheria inataka ikomazwe angalau miaka 2, mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Neno Reserva lisikudanganye: kwa Rioja lina maana ya kukomazwa miaka 3, lakini kwa mvinyo wa Chile halikuhakikishii muda wowote. Kwa Afrika Kusini, tafuta muhuri wa Certified Heritage Vineyards. Ni wa mizabibu yenye miaka 35 au zaidi, na mwaka iliyopandwa umeandikwa hapohapo.

Jambo moja zaidi: ushuru wa bidhaa kwa mvinyo Tanzania hutozwa kwa lita. Chupa ya bei ya chini kabisa na ile inayoizidi kidogo hubeba ushuru huo uleule, na gharama za kioo na meli hazipishani sana. Ukiongeza kidogo, sehemu kubwa ya nyongeza inaweza kwenda kwenye zabibu zenyewe. Usinunue ile ya chini kabisa.

Swali: Mvinyo uleule, duka moja mtamu, jingine una ladha kama jamu iliyopikwa. Kwa nini? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ni joto. Mvinyo ukipata joto hutanuka, husukuma kizibo, kisha hewa hupenya. Papasa juu ya chupa kabla ya kulipa: kizibo kilichoinuka, shingo inayonata au mvinyo ulioshuka chini ya shingo, iache. Chupa zilizopangwa dirishani zipite tu.

Nyumbani, usinywe ukiwa na joto la chumba la Pwani. Kilevi kitakupanda puani na kufunika harufu ya matunda. Unafaa nyuzi 16 hadi 18: takriban saa moja kwenye friji, au dakika 10 hadi 15 kwenye ndoo ya maji na barafu. Barafu peke yake hupoza polepole, kwa sababu haiigusi chupa yote. Ukibaki, uzibe, urudishe kwenye friji na uumalize ndani ya siku 3.