Kabla hujaipiga printa makofi, jaribu fotokopi

Juzi saa tano usiku dada mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Dada naomba msaada, printa imelala haitaki kuamka, na kesho asubuhi natakiwa kupeleka CV." Nikamjibu neno moja tu: fotokopi. Akadhani namtuma stesheneri usiku ule. Nikampigia, nikamwelekeza, na kabla ya saa sita CV alikuwa nayo mkononi. Nililala nikijiona fundi wa mkoa mzima.

Ila hilo neno moja mimi limenigharimu mteja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nachapa nyumbani, Kihonda, Morogoro. Mchana nina ajira yangu, jioni na alfajiri ni CV, kadi za sendoff na mitihani ya walimu wa tuisheni. Najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, leo printa moja juu ya meza ya chakula, kesho fremu ya barabarani. Printa yangu ni ya leza, ile ya tatu kwa moja yenye kioo cha kuskani juu.

Mwalimu mmoja wa hisabati alinipa mtihani wa wanafunzi 60, karatasi mbili kila mmoja. Atauchukua Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Ijumaa usiku nikatoa nakala moja ya mfano, safi kabisa, nikaiweka mezani. Zilizobaki nikasema nitazichapa alfajiri, mtoto asiamke na kelele. Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema bila aibu.

Saa nane usiku umeme ukakatika, baadaye ukarudi. Shemeji naye akaingia na basi la usiku, akaunga simu yake kwenye waifai, akalala sebuleni. Saa kumi na nusu nikaamka, nikatuma kazi. Kimya. Kitaa cha printa kinawaka na kufifia, kinawaka na kufifia, kama mtu anayekoroma. Laptopu inasema haiioni. Nikatuma tena. Nikabonyeza vitufe vyote. Nikatuma mara ya tatu, na ya nne. Nikaipiga kofi la ubavuni, shemeji akageukia upande wa pili.

Mwalimu alifika kwa wakati. Alisimama mlangoni dakika ishirini, nikimpa pole na chai ambayo hakuinywa. Mwisho akasema, "Dada, watoto wananisubiri," akachukua ile nakala ya mfano na kwenda kuitoa fotokopi Msamvu.

Isomeni tena sentensi hiyo. Alikwenda kuitoa fotokopi. Na mimi mashine ya fotokopi nilikuwa nimeipiga kofi saa nzima kabla!

Shemeji alipoondoka na simu yake nikazima ruta (kile kiboksi kinachotoa waifai) na printa, nikaviwasha upya, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi karatasi 150 zilikuwa sakafuni na printa inaomba nyingine. Kumbe kazi ulizotuma hazipotei. Zinapanga foleni ndani ya laptopu, na njia ikifunguka zinatoka zote, hata za mteja aliyekwisha kuondoka. Kwa hiyo usitume mara nne. Tuma mara moja, ikigoma futa foleni kwanza.

Wiki mbili zilizofuata za kusoma na kubahatisha sitawachosha nazo. Aliyenifumbua macho ni binti yangu wa miaka sita. Laptopu imesema tena printa haionekani, mimi nimeshika kichwa, yeye kaweka kiganja kwenye kioo na kubonyeza kitufe cha kunakili. Mashine ikanguruma, ikatoa kiganja chake kwenye karatasi. Printa iliyolala inatoaje kiganja?

Ndiyo maana ya lile neno. Fotokopi haihitaji laptopu wala waifai. Ikitoka, printa iko macho na ugonjwa uko kwenye njia ya kutoka laptopu hadi kwenye printa. Kwangu ulikuwa kwenye namba. Ruta humpa kila anayeingia kwenye waifai namba yake, kama chumba cha gesti. Umeme ukikatika, ruta nyingi za nyumbani husahau nani alikuwa chumba gani, hugawa upya. Printa yangu ilikuwa 192.168.1.5. Usiku ule simu ya shemeji ikawahi chumba hicho, printa ikapelekwa kwingine, na laptopu yangu alfajiri nzima ikabisha hodi kwa shemeji.

Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani na nywila mara nyingi ziko kwenye stika chini yake), kutafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kuiwekea printa namba moja ya kudumu. Kisha kwenye laptopu uiunge printa upya kwa namba hiyohiyo. Kazi ya robo saa. Mimi ilinichukua wiki mbili na mteja mmoja.

Fotokopi isipotoka, hapo imelala kweli. Bonyeza kitufe cha kuwashia. Ikikaidi chomoa waya ukutani, hesabu dakika nzima, urudishe kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni iliyobeba friji na televisheni. Za wino wa maji zizimwe kwa kitufe chake kila inapowezekana, maana ndipo kichwa cha wino kinaporudi mahali pake na kufunikwa. Ukiichomoa printa ghafla, kichwa hicho kinaweza kukauka.

Wanaotumia waya wa USB, mara nyingine anayelala ni laptopu: inakata umeme wa tundu lile ili kutunza betri. Kwenye Windows tafuta mipangilio ya umeme ya USB, uondoe ruhusa hiyo.

Wengine watakwambia uzime usingizi wa printa kabisa. Mimi nimesogeza tu, kutoka dakika moja hadi thelathini. Printa ya leza hupasha moto sehemu ya kugandishia wino, na kuiacha macho mchana kutwa utaiona kwenye LUKU.

Ila hayo yote ni vifaa. Ndugu zangu, kazi ya alfajiri ichapwe usiku! Mtoto akiamka atabembelezwa. Mteja hajui habari za namba wala ruta, na hana sababu ya kuzijua. Yeye alipewa saa. Tunataka fremu za barabarani, tunataka mabango yenye majina yetu, na kazi ya karatasi 120 tunailaza hadi saa kumi na nusu. Najisema mwenyewe kwanza. Tangu siku ile kila kazi kwangu inalala ikiwa ndani ya bahasha.

Mwalimu hajarudi. Mwezi uliopita nilimwona Msamvu na bahasha ya kaki kwapani, nene. Alinisalimia vizuri tu, akauliza hali ya mtoto. Mtoto yuko salama, anachora nyuma ya zile karatasi 150. Jana amechora nyumba nyuma ya swali la saba, la kutafuta eneo la pembetatu, na zimebaki nyingi bado.