Gari la winta Minneapolis: anza na tairi

Dada yangu, umeuliza hiyo Corolla uliyonunua hapo Minneapolis uiandae vipi maana ndo winta yako ya kwanza. Anza na tairi kabla ya kitu kingine chochote, hizo za kawaida joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira unakuwa mgumu haushiki barabara, tafuta za winta na ufunge zote 4, usije ukaweka 2 tu. Upepo nao upime mara kwa mara, baridi inaupunguza. Betri kama ya zamani ipeleke ikapimwe sasa hivi.

Maji ya waipa mwaga hayo ya kiangazi weka yasiyoganda, mi niliwahi kubonyeza nikiwa haiwei, yaani barabara kuu ya mwendo kasi, kioo kizima kikawa barafu papo hapo sioni mbele, nilitetemeka mpaka nyumbani.

Na hili nakuomba sana, ukikwama kwenye theluji usikae ndani injini ikiwaka kabla hujashuka ukafukua bomba la moshi, likiziba ile gesi ya sumu ya moshi, kaboni monoksidi, inaingia ndani, haina harufu na inaua kweli. Kwenye buti weka blanketi, chepe na mchanga, mafuta yasishuke nusu tenki.