Re: Tarehe za barafu Mille Lacs hazilingani

Habari mkuu. Umeuliza mbona ziwa Mille Lacs kule Minnesota, Marekani, lina tarehe mbili za barafu kuisha kwa mwaka uleule, na ushike ipi. Cheki kwanza aliyeandika anahesabu vipi, maana wengine wanasema imeisha boti ikiweza kuvuka, wengine mpaka asilimia 90 ya ziwa iwe wazi, hapo tu siku zinapishana. Mimi huwa nachagua mtunza rekodi mmoja nakaa naye miaka yote. Wastani wa tarehe usiutegemee sana, 2012 barafu iliondoka Machi, 2013 ikang'ang'ania hadi Mei. Na tafadhali sana ndugu yangu, rekodi haikuambii kama barafu itakubeba, toboa upime unene, ikiwa chini ya inchi 4 usikanyage kabisa.